Mtoto Mkubwa Tabora, Wewe Uko Ughaibuni: Ya Kujua Kabla ya Kukata Tiketi

Dada amefariki Tabora. Ameacha mtoto wa miaka 13, na bibi anayemlea amezeeka. Je, naweza kwenda kumchukua nije naye huku? Swali hili halikosi katika vikao vyetu vya jumuiya, na anayeuliza mara nyingi ameshaanza kuweka akiba ya nauli. Anaamini kilichobaki ni barua ya mtendaji wa kata, pasipoti ya mtoto, na viza.

Haiwi hivyo, na ni vizuri kuambizana mapema kabla bibi hajamwahidi mjukuu wake kwamba mwezi fulani atapanda ndege.

Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako. Mama mkubwa, shangazi au mjomba humchukua msiba unapoisha, na ukoo mzima unajua mtoto yuko kwa nani. Malezi hayo yamewakuza wengi wetu tunaosoma gazeti hili. Lakini ofisa wa viza hana njia ya kuyapima. Anachotaka ni amri ya mahakama, na Tanzania amri hiyo inatokana na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo imeweka utaratibu wa kuasili. Barua ya mwenyekiti wa mtaa inaweza kuthibitisha kwamba mtoto anaishi Isevya au Ng'ambo, pale Tabora. Haiwezi kumfanya awe mwanao.

Wengi wanakwama kwenye uraia. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Aliyeapa kuwa Mmarekani au Mwingereza ameupoteza Utanzania wake, na mbele ya sheria ya kuasili anahesabiwa mgeni, hata kama kitovu chake kimezikwa Tabora. Mgeni anayetaka kuasili mtoto wa Kitanzania anatakiwa awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Anatakiwa pia awe amemlea mtoto huyo kwa muda usiopungua miezi mitatu chini ya uangalizi wa ofisa ustawi wa jamii, asiwe na rekodi ya uhalifu, alete taarifa ya mamlaka ya nchi anakoishi inayosema anafaa kulea, na airidhishe mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri itakayotolewa. Likizo ya wiki tatu ya Desemba haiwezi kubeba haya yote.

Wapo wanaoiona miaka hiyo mitatu kuwa adhabu kwa waliotoka. Uchungu wao naujua. Hata hivyo Tabora ni mji usioweza kulitazama jambo hili kana kwamba limeanza jana. Hapa ndipo njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipogawanyika, moja ikienda Ujiji na nyingine ikipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi waliipita kwa miguu yao, wakaenda pwani na kurudi na ujira. Wengine waliipita wakiwa mali ya watu, na miongoni mwao walikuwamo watoto.

Mmoja wao tunamjua kwa jina. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikuwa Unyanyembe, eneo la Tabora, akijiandaa kumtafuta mmisionari David Livingstone. Mfanyabiashara Mwarabu alimpa zawadi ya mtoto mtumwa, mvulana mdogo aliyeitwa Ndugu M'hali. Stanley hakulipenda jina hilo, akambadilishia na kumwita Kalulu. Akaondoka naye hadi Ulaya na Marekani, akamtia shule Wandsworth, London. Mwaka 1873 alichapisha hadithi ya kubuni yenye jina la Kalulu, na Aprili 1874 mtoto huyo alikuwamo katika mazishi ya Livingstone ndani ya Westminster Abbey. Baadaye mwaka huohuo alirudi Afrika na msafara mwingine wa Stanley. Machi 1877 mtumbwi aliokuwamo Kalulu ulichukuliwa na maji katika mto Kongo, naye akafa kabla hajawa mtu mzima.

Stanley alimsomesha, akamvika, na inaonekana alimpenda. Lakini katika safari ile yote, hakuna mahali tunaposikia mtoto akiulizwa kama anataka kwenda, wala nani wa kwao alibaki akimtafuta. Shangazi anayetuma ada ya shule kutoka Minneapolis hafanani na Stanley, wala simlinganishi naye. Nasema tu kwamba swali ambalo Kalulu hakuulizwa, sheria ya leo inalazimisha liulizwe. Mtoto anayeweza kutoa maoni lazima asikilizwe. Aliyefikisha miaka 14 lazima aridhie mwenyewe, na asiporidhia, mapenzi ya watu wazima hayatoshi.

Nchi za jirani zimelipia somo hili kwa gharama kubwa. Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka kwa watoto walioasiliwa na wageni mwaka 2013. Kenya ilisitisha uasili wa watoto wake na wageni Novemba 2014, na Ethiopia ikaupiga marufuku mwaka 2018. Uganda ilibadilisha sheria mwaka 2016 ili kuziba mwanya wa watu waliokuwa wakiomba ulezi tu mahakamani kisha wakasafiri na mtoto. Agosti 2020 Serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda na wakili mmoja kwa mpango uliowatoa watoto kwa wazazi wao huko vijijini kwa ahadi za uongo za masomo, kisha wakapelekwa Marekani kana kwamba ni yatima. Wazazi wale walikuwa hai. Baada ya kujua hilo, siwezi kumwambia mtu yeyote kwamba ofisa ustawi wa jamii anayeuliza maswali mengi anamchelewesha bure.

Kuna pia sheria ya huko uliko, ambayo wengi huikumbuka mwishoni. Uingereza, mkazi anayemleta mtoto aliyemwasili ng'ambo ndani ya miezi 12 iliyopita bila kwanza kupimwa na kuidhinishwa anatenda kosa la jinai. Ndugu wa damu hasamehewi kwa sababu tu ni ndugu.

Marekani ugumu mkubwa uko kwenye umri, na kwa mtoto mkubwa unaumiza zaidi. Njia ya yatima ni ya raia wa Marekani peke yake. Ombi lazima lifunguliwe kabla mtoto hajatimiza miaka 16, isipokuwa kama ndugu yake wa kuzaliwa ameasiliwa na familia hiyohiyo. Hapo mpaka ni miaka 18. Tangu Julai 2014 lazima pia upitie wakala aliyeidhinishwa. Na yatima huyo ni yatima kwa maana ya sheria yao: baba aliyekwenda Mpanda na akawa hapigi simu si lazima ahesabike kuwa hayupo. Njia nyingine, ambayo hata mwenye kadi ya kijani anaweza kuitumia, inataka uasili uwe umekamilika kabla ya miaka 16, na mzazi awe na haki ya ulezi kisheria kwa miaka miwili na awe ameishi na mtoto chini ya paa moja miaka miwili. Mtu anayefanya kazi Ohio ataishije na mtoto aliyeko Cheyo, Tabora? Waliofanikiwa kwa njia hii ni wale ambao mmoja wao alirudi nyumbani akakaa.

Sasa fanya hesabu. Mtoto ana miaka 13. Kama wewe ni mgeni kwa mujibu wa sheria ya Tanzania, miaka mitatu ya kuishi nchini ikiisha ameshafika 16. Kwa familia nyingi mlango wa Marekani umefungwa hata kabla hawajaanza, na ni haki ya mtoto kuambiwa hivyo waziwazi, asiishi akiingoja ndege.

Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ibara ya 24, unauweka uasili wa kwenda nchi nyingine kuwa njia ya mwisho, pale malezi ya kufaa yanapokosekana nyumbani. Nakubaliana nao, hasa kwa mtoto aliyekwishakua. Wa miaka 13 ana marafiki, ana darasa, anaongea Kinyamwezi na bibi yake na Kiswahili mtaani. Analijua kaburi la mama yake. Mara nyingi ana mdogo wake ambaye hayumo katika mpango wa safari, na kutenganishwa na mdogo wake ni msiba wa pili. Kama kuna mjomba Tabora, Nzega au Urambo anayeweza kuwachukua wote wawili wewe ukalipa ada, bima ya afya na chakula, mpango huo una uzito kuliko viza. Usiufanye kwa maneno ya simu tu. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kuyatambua malezi hayo, ili mtoto akilazwa hospitali ya Kitete au akihamishwa shule, pawepo mtu mwenye mamlaka ya kutia saini.

Anayeona kwamba kuasili ndiko kunakofaa, maombi yanaanzia ustawi wa jamii, si kwa wakala wa tiketi wala kwa mtu anayedai anajuana na watu uhamiaji. Sheria inakataza kulipana ili mtoto atolewe. Anayetaja bei, achana naye. Ofisa atatembelea familia na kuandika taarifa, kisha shauri litakwenda mahakamani, na Tabora ina kanda yake ya Mahakama Kuu. Amri ikitoka, uasili unasajiliwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA).

Kabla ya hayo yote kuna kazi moja ambayo ndugu aliyeko Tabora anaweza kuianza wiki hii. Watoto wengi wakubwa hawana cheti cha kuzaliwa, na bila cheti hakuna atakayekubali umri unaoutaja, si mahakama wala ubalozi. Usajili wa kuchelewa unawezekana. Atafute kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cheti cha darasa la saba, pamoja na cheti cha kifo cha mzazi, avipeleke ofisi ya RITA wilayani. Tarehe zote zilingane. Zikipishana, zirekebishwe kwanza, maana shauri la mtoto wa miaka 13 haliwezi kusubiri marekebisho akiwa na miaka 15 na miezi kumi.