Ukisoma akili mnemba, jiandae kwa hisabati

Wengi wanaoomba kusomea akili mnemba chuoni hudhani miaka yote itakwisha wakipiga soga na kompyuta inayojibu kama mtu. Mwaka wa kwanza huwakaribisha kwa matriki, kalkulasi na uwezekano, na wapo wanaohama kozi mapema.

Hisabati hiyo ina kazi. Tuchukue jani la muhogo. Nuru, programu ya simu ya mradi wa PlantVillage, humsaidia mkulima kutambua batobato na michirizi ya kahawia kwa kamera, hata pasipo na intaneti. Kwa kompyuta, picha ya jani ni jedwali la namba tu. Mashine huzizidisha namba hizo kwa vizidishi vyake, kisha hukisia: lina ugonjwa au ni zima. Ikikosea, vizidishi vinasogezwa kidogo, halafu inaletwa picha nyingine, maelfu kwa maelfu. Kujua visogezwe upande gani ili kosa lipungue, ndipo kalkulasi inapoingia.

Takwimu nazo huokoa watu na aibu. Tuseme tuna majani 100, na 95 kati yake ni mazima. Programu inayosema “zima” kwa kila jani itakuwa sahihi kwa asilimia 95, na haitakuwa imekamata hata jani moja lenye ugonjwa! Wakubwa watapiga makofi, mkulima atachimba mihogo iliyooza. Aliyesoma vizuri atauliza: katika yale matano, yamenaswa mangapi?

Ajira je? Nafasi zenye cheo cha mhandisi wa akili mnemba bado ni chache kwetu, na mzazi anayefikiria kuuza shamba alipe ada anastahili kuambiwa hivyo. Kazi nyingi zimejificha chini ya majina mengine: mchambuzi wa data benki, mnasaji wa miamala ya utapeli kwenye kampuni ya simu, mpimaji wa uwezo wa wakopaji kulipa. Ile kazi ya kuzipa picha na maandishi alama, iliyoajiri vijana wengi Nairobi, haihitaji shahada, na ujira wake umelalamikiwa hadharani. Isichanganywe na taaluma hii.

Mimi naona nafasi kubwa iko kwenye lugha. Mashine zinazovuma zimelishwa Kiingereza kwa wingi. Kiswahili kimepata makombo, Kisukuma na Kidigo karibu hakuna. Watafiti wa Kiafrika wa jumuiya ya Masakhane wameonyesha kwamba pengo hilo linazibika, lakini mikono bado haitoshi. Kijana anayezijua ngeli na anayeweza kuandika programu ana kitu ambacho mwenzake wa California hana.

Si lazima shahada iitwe akili mnemba. Sayansi ya kompyuta, takwimu au uhandisi hufikisha kulekule, na shahada ya uzamili inapatikana karibu: tawi la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon lipo Kigali tangu 2011, na Chuo Kikuu cha Makerere kina maabara yake ya akili mnemba.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma maombi, mzazi na mwanafunzi kaeni na mtaala wa chuo mkononi, mhesabu kozi za hisabati na takwimu. Chuo kilichoandika akili mnemba kwenye jina la shahada, halafu kikaweka kozi moja tu ya takwimu, kiacheni.