Je, Wajua? Bega la Mamilioni

Feni ya dari haioni ndani
Mrushaji wa besiboli ya kulipwa anapofyatua mpira, mkono wake huzunguka begani kwa kasi ya takriban nyuzi 7,000 kwa sekunde. Ungeweza kuendelea hivyo sekunde nzima, ungezunguka zaidi ya mara 19! Ni miongoni mwa miondoko ya kasi zaidi iliyowahi kupimwa katika mwili wa binadamu, na mrushaji anayeanza mechi huurudia mara 90 hivi kabla ya kupumzishwa.

Chungwa juu ya kisahani
Kiungo chenye uhuru kuliko vyote mwilini ndicho pia chepesi kuteguka. Nyonga imetulia kama mchi ndani ya kinu, lakini bega ni chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha kahawa. Linaloshikilia chungwa lisidondoke ni misuli minne na ukingo wa gegedo unaokizunguka kisahani, na hapo ndipo warushaji huchanika.

Wazima, kumbe wana kasoro
Mwaka 2002 watafiti walichapisha picha za MRI za mabega 28 ya warushaji 14 wasiolalamika maumivu yoyote. Mabega 22 yalikuwa na kasoro kwenye ule ukingo wa gegedo! Ndiyo maana daktari makini hakimbilii kisu kwa sababu ya picha tu.

Kiwiko husamehe, bega hununa
Mrushaji Tommy John alipandikizwa kano ya kiwiko mwaka 1974, kisha akashinda mechi nyingine 164. Utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa wanamichezo 83 kati ya kila 100 waliofanyiwa upasuaji huo walirejea kwenye kiwango chao au zaidi. Bega ni habari nyingine: katika ripoti ya mwaka 2006, kati ya warushaji 12 wa kulipwa walioshonwa misuli ya bega iliyochanika kabisa, ni mmoja tu aliyerudi vizuri kwenye ngazi ya juu.

Dola milioni 8, bila mpira hata mmoja
Kinachoumiza klabu zaidi ya bili ya hospitali ni mshahara, kwa kuwa mikataba mingi ya ligi kuu ya Marekani hulipwa hata mchezaji akiwa majeruhi. Mrushaji Curt Schilling alisaini mkataba wa dola milioni 8 na klabu ya Boston kwa msimu wa 2008, akapasuliwa bega mwezi Juni, na hakurusha mpira hata mmoja katika mechi za msimu ule. Mwaka uliofuata akastaafu.

Miaka 50 ya kusubiri, usiku mmoja wa raha
Mrushaji Johan Santana wa klabu ya New York Mets alipasuliwa bega mwaka 2010, akakosa msimu mzima wa 2011. Tarehe 1 Juni 2012 alirusha mechi nzima bila mpinzani kupata pigo halali hata moja, jambo ambalo Mets hawakuwahi kuliona tangu waanzishwe mwaka 1962. Mwaka uliofuata bega likachanika tena, na hakurusha tena katika ligi kuu.

Aliyelishinda bega
Wapo wachache wenye bahati. Mrushaji Roger Clemens alipasuliwa bega mwaka 1985. Aprili 1986 akawatoa wapigaji 20 kwa straiki katika mechi moja, rekodi mpya ya ligi kuu kwa mechi ya kawaida ya vipindi tisa. Msimu huo alishinda mechi 24.

Dawa isiyo na bei
Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, Little League, huko Pennsylvania. Sheria za Little League humwekea mrushaji wa miaka 11 au 12 kikomo cha mirusho 85 kwa siku. Kwa hiyo mzazi, mwanao akianza kurusha, wewe anza kuhesabu: kuhesabu ni bure, bega halina spea.