Je, Wajua? Nyota jirani ni safari ya miaka 70,000

Chombo cha Marekani kiitwacho Voyager 1 kilirushwa tarehe 5 Septemba 1977, na mwaka 2012 kikawa chombo cha kwanza cha binadamu kuingia katika anga iliyo kati ya nyota. Kinakwenda kilomita 17 hivi kwa sekunde, yaani Dar es Salaam hadi Nairobi chini ya dakika moja. Hata hivyo, Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu, iko umbali ambao mwanga wenyewe huusafiri kwa miaka 4.2. Kwa mwendo wa Voyager ni zaidi ya miaka 70,000, na chombo hata hakielekei huko!

Roketi za kuchoma mafuta haziwezi safari hii: ukitaka mwendo zaidi unabeba mafuta zaidi, na mafuta hayo nayo yanahitaji mafuta ya kuyasukuma. Ndiyo maana mwaka 2016 mradi wa Breakthrough Starshot ulipendekeza chombo cha gramu chache chenye tanga jepesi, kisukumwe na miale ya leza kutoka ardhini hadi kifikie asilimia 20 ya kasi ya mwanga. Kingefika kwa miaka 20 hivi. Kusimama huko, hakiwezi. Kingepita tu kikipiga picha. Watu ndani yake? Sahau.

Na Voyager 1, inayoendelea na safari yake ndefu, imebeba santuri iliyopakwa dhahabu yenye salamu za lugha 55. Kiganda kimo. Kiswahili hakimo.