Uvumilivu unaomponza samaki wa dhahabu

Majira ya baridi yanapogandisha uso wa mabwawa huko Asia na Ulaya, hewa haipenyi tena majini, na samaki wengi waliobaki chini ya barafu hufa kwa kukosa oksijeni. Samaki wa dhahabu hafi upesi. Oksijeni ikikata, miili ya wanyama wengi huanza kujaa asidi ya laktiki, lakini misuli ya samaki huyu huigeuza asidi hiyo kuwa pombe, kisha pombe hiyo hutoka kupitia mashavu yake na kuyeyuka majini. Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Oslo na Liverpool walieleza siri yenyewe: samaki wa dhahabu na binamu yake wa Ulaya wana seti ya ziada ya vimeng'enya ambayo huanza kazi pale tu oksijeni inapokosekana. Katika maji yaliyo karibu kuganda, samaki wa dhahabu huweza kuishi siku kadhaa bila oksijeni. Binamu yake huishi hivyo miezi.

Inakuwaje basi kiumbe mgumu namna hii afe ndani ya wiki mbili katika bakuli la kioo juu ya meza ya sebuleni, mahali penye chakula tele na wala hapana barafu?

Ugumu huo huo ndio unaomponza. Samaki dhaifu angekufa siku ya tatu, na mwenye nyumba angejua kwamba maji yana kasoro. Samaki wa dhahabu huendelea kuogelea na kupokea chakula huku mashavu yake yakiungua kwa sumu, na watu hudhani mzima. Kuvumilia kwake tumekuita afya. Huko ndiko kumeua samaki wengi majumbani kuliko ugonjwa wowote ninaoujua.

Asili yake ni China. Ni samaki wa maji baridi wa jamii ya kapi, ukoo mmoja na ningu wa Ziwa Victoria, na mababu zake walikuwa na rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani kibichi. Kumbukumbu za Kichina za enzi ya Jin (265–420) zinataja samaki waliotokea na magamba mekundu miongoni mwa wenzao wa kijivu. Katika enzi ya Tang (618–907) watu walianza kuwatunza hao wenye rangi katika mabwawa ya bustani na ya mahekalu. Wakija wageni, samaki wachache walihamishiwa katika chombo kidogo ili watazamwe, kisha wakarudishwa bwawani. Chombo kidogo kilikuwa jukwaa la muda tu. Sisi tumekifanya makao.

Porini samaki huyu hupita akichimbua tope, akila majani, wadudu na mabuu siku nzima. Hana tumbo halisi la kuhifadhi chakula: kinachoingia hupondwa na meno yaliyo kooni, kikaenda moja kwa moja kwenye utumbo. Anakula mara nyingi, anachafua mara nyingi. Sehemu kubwa ya uchafu wake wala haionekani kwa macho, kwa kuwa protini anayokula huishia kuwa amonia, na amonia hiyo hutokea kwenye mashavu kila dakika. Bwawani hupotelea katika maelfu ya lita. Katika bakuli la lita tano inamrudia yeye mwenyewe.

Asili ina dawa yake, nayo ni bakteria. Kundi moja hula amonia na kuacha nitraiti. Nitraiti nayo ni mbaya: ikiingia kwenye damu huiharibu isiweze kubeba oksijeni, na damu hugeuka rangi ya kahawia. Kundi la pili huigeuza nitraiti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi, mradi isiachwe ijilimbikize. Bakteria hawa huhitaji mahali pa kushika, yaani sponji ya kichujio, changarawe na mawe, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kuota vya kutosha katika tangi jipya. Ndiyo sababu samaki wengi hufa wiki za mwanzo, maji yakiwa meupe na kioo kikiwa bado king'aavu. Atakayetaka kuanza vizuri aliandae tangi kabla ya kununua samaki, au aombe kipande cha sponji iliyokwisha kutumika kutoka kwa mtu mwenye tangi la siku nyingi.

Hapa ndipo penye kosa linalotendwa kwa nia njema. Mtu anaona kichujio kimechafuka, anakipeleka bombani na kukisugua mpaka king'ae. Klorini ya maji ya bomba inaua bakteria hao, na kesho yake amonia inapanda. Sponji isuuzwe ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe. Ibaki na rangi yake ya kahawia. Hiyo kahawia ndiyo uhai wa tangi. Vivyo hivyo maji yasimwagwe yote kwa mkupuo. Robo hadi theluthi kila wiki inatosha, na maji mapya yawe yamekaa kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini ipeperuke. Penye maji yaliyotiwa kloramini njia hiyo haifui dafu, kwa sababu kloramini haipeperuki. Inatakiwa dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo.

Ukubwa wa tangi hauna mjadala kwangu. Kwa samaki mmoja wa mwili mfupi na mkia wa kupepea, lita 75 ni mwanzo. Yule wa mwili mrefu, wa kawaida, anafikia sentimita 20 hadi 30 akitunzwa, na anastahili lita 200 au bwawa. Wapo wanaosema kwamba samaki hukua kulingana na chombo chake, kana kwamba amejipima akaridhika. Ukweli ni kwamba maji machafu humdumaza. Mwaka 2004 mji wa Monza, Italia, ulipiga marufuku kufuga samaki katika mabakuli ya mviringo, na Roma ikafuata mwaka 2005. Naona walifanya haki. Tena tangi liwe refu kwa ubavu kuliko kwenda juu, maana oksijeni huingilia usoni mwa maji.

Suala la oksijeni lina uzito wa pekee kwetu. Maji ya nyuzi 20 huweza kubeba miligramu tisa hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba saba na nusu tu, wakati mwili wa samaki nao unadai zaidi kwa sababu ya joto. Ule ujanja wa pombe haumfai hapa, kwani hufanya kazi mwili ukiwa umepoa na kutulia. Anayefuga Nairobi, Arusha au Mbeya ana hali ya hewa inayomfaa samaki huyu bila kifaa chochote cha kurekebisha joto. Anayefuga Dar es Salaam au Mombasa anahitaji pampu ya hewa isiyozimwa usiku, kivuli, na tahadhari na maji yaliyotoka kwenye tangi la juu ya paa mchana. Joto pia huzidisha ukali wa amonia. Ukimwona samaki amepanda juu anatweta mdomo wazi, usimrushie chakula ukidhani ana njaa. Badilisha sehemu ya maji na uongeze hewa.

Chakula kiwe kidogo, kinachokwisha ndani ya dakika mbili. Wale wa mwili wa duara, kama oranda na ryukin, wamezalishwa kwa kuchaguliwa mpaka utumbo na kibofu cha hewa vimebanana, ndiyo maana hupinduka na kuelea chali wakila punje kavu zinazovimba utumboni. Loweka punje kwanza. Njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda huwasaidia.

Na tuache kumwita msahaulifu. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth waliwafundisha samaki wa dhahabu kusukuma kijiti ili wapate chakula kwa saa maalumu ya siku, nao wakaijua saa yao. Mwaka 2022 wale wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, walimweka samaki katika tangi lenye magurudumu linalofuata anakoelekea, naye akajifunza kuliendesha nchi kavu hadi kwenye alama iliyompatia chakula. Macho yake huona hata mwanga wa urujuanimno usioonekana kwetu. Vijifupa vidogo huunganisha kibofu chake cha hewa na sikio la ndani, kwa hiyo anasikia vizuri mno, na kugonga kioo ni kumpigia kelele. Anayeitunza akili hii anaweza kukaa nayo muda mrefu: samaki mmoja wa Uingereza aliyeitwa Tish alikufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43.

Miaka hiyo ndiyo inayowashinda wengine, wakaamua kumwaga samaki mtoni. Mwaka 2021 mji wa Burnsville, Minnesota, uliwasihi wakazi waache kufanya hivyo baada ya ziwa lao kukutwa na samaki wa dhahabu wakubwa ajabu, wanaotibua tope la chini na kung'oa mimea. Sisi tuna kidonda chetu: sangara aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi za fulu zilizotoweka baada yake. Samaki aliyekushinda mrudishe dukani, au uulizie hoteli na shule zenye mabwawa ya mapambo; wengi humpokea bure, na akifika huko apewe dakika ishirini ndani ya mfuko wake, ukielea bwawani, joto la maji lilingane kabla ya kufunguliwa.