Choo Cheusi Kama Lami: Si Kila Mara ni Vidonda vya Tumbo



Mwezi huu tunazungumzia kongosho, kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula. Kazi yake ni kutoa maji ya kuyeyusha chakula, pamoja na insulini inayotawala sukari mwilini.

Kongosho likiugua miaka mingi, mgonjwa huumwa juu ya kitovu na maumivu hupenya hadi mgongoni. Hukonda, choo huwa cha mafuta, na wengine hupata kisukari. Pombe na sigara ni visababishi vikubwa, lakini si pekee. Mwaka 1960 Daktari A. G. Shaper, aliyefanya kazi Kampala, aliandika juu ya ugonjwa wa kongosho na upungufu wa protini. Leo tunajua kuwa urithi nao huchangia. Basi tusimhukumu mgonjwa.

DAMU HUTOKA WAPI?

Mara chache, kongosho bovu hula ukuta wa mshipa wa damu ulio jirani. Mshipa huvimba kama puto na kupasuka, na damu huingia utumboni. Kwa wengine, mshipa utokao kwenye bandama huziba, na mishipa ya tumbo huvimba na kuvuja. Mgonjwa hutapika damu au hupata choo cheusi kama lami, chenye harufu kali.

Nchini kwetu damu ya namna hii mara nyingi hutokana na vidonda vya tumbo, au mishipa ya umio iliyovimba kwa kichocho na magonjwa ya ini. Ndiyo maana kongosho husahauliwa. Tena damu yake huweza kukoma na kurudi, hata kipimo cha mpira wenye kamera kisione kidonda. Anayeficha pombe kwa aibu, au asiyetaja maumivu yake ya zamani, humnyima daktari ufunguo.

TUFANYE NINI?

• Mgonjwa akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo. Kutoka Magole, iwe Kilosa au Morogoro, tusingoje kupambazuke.
• Asipewe aspirini, diklofenaki, pombe wala dawa za miti shamba.
• Ndugu wenye afya wafuatane naye, tayari kutoa damu.
• Daktari aelezwe yote, pamoja na dawa anazotumia. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi.

Hospitali kubwa huweza kuziba mshipa huo au kufanya upasuaji. Ila mgonjwa lazima afike akiwa hai, na hilo liko mikononi mwetu sisi jamaa zake.