Gegedu la Goti: Tiba ya Seli za Mgonjwa Mwenyewe (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona goti lilivyoundwa: fupa la paja juu, muundi chini, pia ya goti mbele, na gegedu, ule utando mweupe unaoteleza, unaofunika ncha za mifupa hiyo. Leo tueleze gegedu likichimbika hutengenezwaje, na ni nani anayefaa kutengenezewa.

Mtu akijikata na panga shambani, damu hujaa kwenye jeraha na kuleta vyote vinavyohitajika ili nyama ishikane. Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Seli zake ni chache, zimefungwa ndani ya kolajeni na maji, na chakula chake hutoka kwenye ute wa goti, unaosukumwa kuingia na kutoka kila tunapokanyaga na kuinua mguu. Kwa hiyo shimo likishatokea, halizibi lenyewe. Tabibu William Hunter aliwaeleza wanasayansi wa London jambo hilo mwaka 1743.

Wapasuaji wamejaribu kutoboa vitundu kwenye mfupa ulio chini ya shimo ili damu ipande na kuliziba. Nafuu hupatikana, lakini kinachoota ni kovu la nyuzi, lisilostahimili uzito kama gegedu lenyewe.

Mwaka 1987, katika mji wa Göteborg, Sweden, Lars Peterson, Mats Brittberg na wenzao walianza kuwatibu watu kwa njia nyingine. Mkulima wa korosho ataielewa upesi, kwa kuwa inafanana na kazi ya kitalu: huchukuliwa kidogo kilicho kizima, hukuzwa chini ya uangalizi, kisha huhamishiwa penye pengo. Daktari hupitisha kamera nyembamba kwenye tundu dogo la ngozi na kumega kipande cha gegedu cha miligramu 200 hadi 300, mahali pasipobeba uzito mkubwa. Maabara hutenganisha seli na kuzilisha kwa wiki kadhaa mpaka ziwe mamilioni. Mgonjwa hurudi kupasuliwa mara ya pili. Shimo husafishwa, nazo seli huwekwa humo. Zamani zilifunikwa kwa kipande cha ngozi ya mfupa kilichoshonwa juu yake. Siku hizi mara nyingi hupandwa kwenye utando wa kolajeni, njia iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016. Kwa sababu seli ni za mgonjwa mwenyewe, mwili hauzikatai.

Matokeo ya watu 23 wa kwanza yalichapishwa mwaka 1994. Kati ya 16 waliokuwa na shimo kwenye fupa la paja, 14 walikuwa na hali nzuri au nzuri sana miaka miwili baadaye. Kati ya 7 walioumia nyuma ya pia ya goti, ni 2 tu waliofikia hali hiyo. Tangu mwanzo, basi, ilionekana kwamba tiba hii haifai kila goti.

Anayefaa ni kijana au mtu wa makamo mwenye shimo moja lenye kingo nzima, aliyeumia uwanjani au katika ajali ya bodaboda, mwenye kano imara na mguu ulionyooka. Baada ya upasuaji atatembelea magongo kwa wiki kadhaa, na huenda mwaka ukaisha kabla hajarudi kucheza mpira.

Mama zetu wa Newala, ambao kwa miaka mingi walipanda mteremko wa uwanda wa Makonde na ndoo za maji kichwani, na wazee wanaoinama msimu mzima kuokota korosho, mara nyingi wana ugonjwa mwingine: gegedu limelika kotekote, na mfupa nao umebadilika. Hapo hakuna kingo za kushikilia seli mpya. Kinachowasaidia ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito kwa aliyenenepa, fimbo, na hali ikizidi, kubadilishiwa goti, upasuaji unaofanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI.

Kwa hiyo, goti likijipinda, likavimba au kukwama, usiishie duka la dawa kumeza diklofenaki mwezi baada ya mwezi. Dawa hiyo huweza kudhuru tumbo na figo. Nenda hospitali ya Mkomaindo au ya Ndanda ukapimwe. Eksirei haionyeshi gegedu lenyewe, huonyesha nafasi kati ya mifupa. MRI au kamera ndiyo huona shimo. Muulize daktari: hili ni shimo moja, au goti limelika lote? Usiuze shamba la mikorosho ili kulipia sindano inayotangazwa kwa jina la seli kabla hujapata jibu. Sindano ya namna hiyo siyo tiba tuliyoieleza hapa.

Katika sehemu ya tatu tutaeleza mazoezi ya paja ambayo mgonjwa anaweza kuyafanya nyumbani, akiwa amekaa kwenye kiti.