Mbweni: Ruzuku ya wazee huanzia kwenye daftari

Fomu za kuomba ruzuku, ziwe za ubalozi, za taasisi ya hapa nchini au za mfuko wa ng'ambo, hazikosi swali moja: fedha za mfadhili zikiisha, huduma itaendelea vipi? Kikundi cha ufugaji hujibu bila kuwaza, kitauza kuku na mayai. Kina mama wa VICOBA nao wana jibu, fedha zitazunguka kwa mikopo. Kikundi kinachotaka kumhudumia bibi wa miaka 80, haoni vizuri, analea wajukuu na hana pensheni, ndicho kinachobaki kikiguguna kalamu. Bibi hazalishi faida, na uzee wake hautafungwa siku ya kufunga mradi.

Wanaoguswa na swali hilo si wachache. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, ambao ndio wazee kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Wengi wao walilima, walivua au walichuuza maisha yao yote, kwa hiyo majina yao hayamo NSSF wala PSSSF. Tegemeo lao ni watoto, na watoto wenyewe wanahangaika na kodi ya chumba na mahitaji ya shule.

Nyuma ya mageti

Kata ya Mbweni, Manispaa ya Kinondoni, ipo pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, jirani na Bunju, kabla hujafika Mto Mpiji unaoutenganisha mkoa na Bagamoyo. Wengi wanaijua kwa kuta ndefu, mageti ya umeme na nyumba za wastaafu wakubwa. Kabla ya kuta hizo palikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima wa minazi na mikorosho, na wazee wa kijiji hicho bado wapo.

Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 uliyapima maeneo ya Mbweni Mpiji na Mbweni Malindi, kama ulivyopima Kijichi, Tuangoma na Kisota upande uliokuwa Temeke yote. Wenyeji walilipwa fidia. Wengine, kabla na baada ya mradi, waliuza vipande vya mashamba mmoja mmoja, kwa harusi hii na ugonjwa ule. Fidia hulipwa mara moja, ilhali uzee unadai kila mwezi. Ndiyo maana leo katika mtaa mmoja utamkuta mstaafu anayesubiri pensheni tarehe yake, na ng'ambo ya barabara mzee wa makamo yake anayesubiri mtoto akumbuke kutuma chochote kwenye simu.

Hapo ndipo vikundi huzaliwa. Aghalabu huanza na watu wachache wa msikiti au jumuiya ya kanisa, au majirani tu waliochoka kumwona mzee anapelekwa zahanati kwa kubebwa mgongoni. Wanachanga, wananunua unga na sabuni, wanagawa. Baada ya miezi kadhaa mfuko unakauka, na mmoja wao anasema neno linalosikika kila kona ya jiji: tutafute mfadhili.

Fungu lisilo na mzee

Mlango wa kwanza wanaoukimbilia ni wa halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mzee hana fungu lake. Bibi anaweza kuingia kupitia kundi la wanawake. Babu mzima wa viungo, asiye kijana wala mlemavu, hana pa kupitia. Zaidi ya hayo, fedha hiyo ni mkopo na hurejeshwa. Nani atarejesha mkopo ulionunua dawa za presha?

Tena mlango huo wenyewe uliwahi kufungwa. Aprili 2023 Serikali ilisitisha mikopo hiyo baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha madeni yasiyolipwa na vikundi hewa. Ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Aliyekuwa na kikundi cha kweli lakini hana kumbukumbu za maandishi alisubiri pamoja na matapeli.

Misaada mingine ya umma ipo, na ni vizuri kikundi kiifahamu kabla ya kuandika chochote. TASAF, iliyoanza mwaka 2000, hupitia kaya maskini na humo wazee wamo, ila anayelengwa ni kaya. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inampa mzee asiye na uwezo matibabu bila malipo. Makazi ya Nunge kule Kigamboni huwapokea wazee wasio na ndugu. Pensheni ya wazee wote, hata wale ambao hawakuwahi kuajiriwa, Tanzania Bara haijaanza kuilipa. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kwa kuwalipa wenye miaka 70 na zaidi Sh20,000 kwa mwezi kutoka hazina yake yenyewe, na baadaye ikapandisha hadi Sh50,000. Kenya ina Inua Jamii kwa wenye miaka 70, Uganda ina ruzuku ya wazee kwa wenye miaka 80.

Kwa hiyo kikundi cha Mbweni kinachotafuta fedha kinaziba pengo ambalo kwa jirani linazibwa na Serikali. Kina haki ya kulalamika. Ila mfadhili halipi malalamiko.

Nani anatoa, na anatoa nini

Wafadhili hawafanani, na andiko moja haliwezi kupelekwa kwa wote kwa kubadilisha jina juu ya barua. Mpango wa misaada midogo wa Ubalozi wa Japani, kwa mfano, hulipia vitu vinavyoonekana: jengo, kisima, vifaa. Haulipi mishahara wala gharama za kuendesha ofisi. Ukiuomba posho za wahudumu, umejikatalia mwenyewe. Foundation for Civil Society, iliyoanza kutoa ruzuku mwaka 2003, huelekea zaidi kwenye haki, utawala bora na uwezo wa asasi zenyewe. Kwake, mradi wa kulifanya baraza la wazee la kata lijue haki zake za matibabu una nafasi kuliko mradi wa kugawa magodoro. Mabenki na kampuni za simu zina mafungu ya kusaidia jamii. Hupenda kitu kinachokabidhiwa mbele ya kamera, viti mwendo au vitanda vya zahanati.

Kisha kuna makaratasi. Kikundi kidogo husajiliwa halmashauri kupitia Maendeleo ya Jamii. Kikitaka kuwa shirika kamili kinakwenda kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, chini ya sheria ya mwaka 2002. Kanuni za mwaka 2018 zinalitaka shirika linalopata fedha inayozidi Sh20 milioni liwasilishe mkataba Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu uliposainiwa. Katiba, mihtasari ya vikao, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, barua ya mtendaji wa mtaa yenye mhuri: hivi havitafutwi wiki ya mwisho ya kuomba. Mwenye navyo kabatini anaomba; asiye navyo anakimbizana na saini.

Na kapu lenyewe limepungua. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai mosi mwaka huohuo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Uingereza nayo imetangaza kupunguza bajeti yake ya misaada hadi asilimia 0.3 ya pato lake ifikapo 2027. Mashirika makubwa yaliyozoea kuomba mamilioni ya dola sasa yanapanga foleni moja na vikundi vya mtaani.

Somo la Nshamba

Katika foleni hiyo mdogo anaweza kusikika, na mfano upo hapahapa nchini. Mwaka 2003 huko Nshamba, wilayani Muleba, mkoani Kagera, shirika la KwaWazee lilianza kuwapa wazee, wengi wao mabibi waliolea wajukuu walioachwa yatima na UKIMWI, pensheni ndogo ya kila mwezi ya Sh6,000, na nyongeza kwa ajili ya watoto. Fedha ilitoka kwa marafiki wa Uswisi, nchi ya mwanzilishi wake Kurt Madörin. Kwa mizani ya wafadhili, hilo lilikuwa wazo baya: fedha taslimu, kwa watu wasiozalisha, bila tarehe ya mwisho.

KwaWazee hawakujibu kwa kusimulia machozi ya mabibi. Waliweka kumbukumbu. Mwaka 2008 ikachapishwa tathmini iliyolinganisha nyumba zilizokuwa zikipokea na nyumba zilizokuwa bado hazijapokea. Jina lake kwa Kiswahili ni chumvi, sabuni na viatu vya shule, yaani vitu ambavyo bibi alivinunua. Sabuni ya bibi ilikuwa usafi wa mtoto darasani. Viatu vilikuwa mahudhurio. Ripoti hiyo ilisomwa mbali na Kagera na watu waliokuwa wakibishana kuhusu pensheni za wazee Afrika. Sambamba na fedha, wazee walikaa katika vikundi vya kusaidiana, wakatembeleana na kuangaliana, kazi ambayo haihitaji mfadhili kuendelea.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na huruma nayo ni hivyohivyo. Kikundi cha Mbweni kinachoandika kwamba "wazee wengi wa kata yetu wanaishi katika mazingira magumu" kimeandika sentensi ambayo mfadhili ameisoma mara nyingi kabla ya chai ya saa nne. Kikundi kilichopita nyumba kwa nyumba na mjumbe, kikaandika jina la mzee, umri, namba ya NIDA, anaishi na nani, ana kitambulisho cha matibabu au hana, anaumwa nini, mara ya mwisho alipimwa lini, kina kitu ambacho hata ofisi ya manispaa huenda haina.

Daftari hilo pia huchagua mradi. Tuseme limeonyesha kwamba katika mtaa mmoja wazee 12 hawaoni vizuri. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi, na hospitali ya CCBRT iliyopo Msasani inafanya kazi hiyo. Kuwapima hao 12, kuwasafirisha, kuwalipia, kuwarudisha nyumbani na kuwafuatilia mpaka jicho lipone ni mradi wenye mwanzo, mwisho na hesabu. Mzee akiona, anakwenda chooni mwenyewe, anapepeta mchele, na mjukuu aliyekuwa akimshika mkono anarudi shule. Swali la mwendelezo linapata jibu bila kuremba maneno: jicho lililopona haliombi ruzuku ya pili.

Bajeti haifichi

Msomaji wa maandiko huanza nyuma, kwenye bajeti. Chukua mfano wa ombi la Sh10 milioni. Uzinduzi, ukumbi na chakula: Sh1.5 milioni. Fulana, kofia na bango: Sh1.2 milioni. Posho za vikao vya kamati: Sh2.4 milioni. Kompyuta na printa: Sh1.9 milioni. Usafiri wa viongozi: Sh1 milioni. Kilichobaki kwa wazee ni Sh2 milioni. Hakuna aliyeiba, kila mstari una risiti, lakini kofia na fulana zimekula zaidi ya nusu ya kile alichopata mzee. Mfadhili akishaona hivyo harudi kusoma ukurasa wa kwanza.

Geuza hesabu. Vikao vifanyike barazani, bila posho. Uzinduzi uachwe. Kisha orodhesha mchango wa jamii, ambao Mbweni inao kuliko kata nyingi: nyuma ya mageti yale kuna wauguzi wastaafu wanaojua kupima presha na sukari, wahasibu wastaafu wanaoweza kufunga vitabu, mtu mwenye gari linaloshinda limeegeshwa. Jumamosi mbili za muuguzi kwa mwezi zina thamani, na zinaandikwa kwenye andiko kama zilivyo fedha. Ruzuku inunue mashine na vipimo. Kupima kubaki kwa wenyewe. Huo ni mgawanyo ambao mfadhili akiondoka hauvunjiki.

Na daftari lisiishie kwa wafadhili. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai mosi, na mipango ya kata hujadiliwa miezi mingi kabla, katika mikutano ya mitaa na Kamati ya Maendeleo ya Kata. Baraza la wazee liende huko mapema na nakala yake, lidai kitambulisho cha matibabu kwa kila asiyenacho, lidai mzee naye aandikiwe mstari wake katika bajeti ya manispaa. Ombi la jumla la "kuwasaidia wazee wetu" huahirishwa kwa makofi. Orodha ya wazee 40 wa mtaa mmoja, wenye majina, maradhi na vitambulisho vya mpiga kura, diwani ataifikiria mara mbili kabla ya kuiahirisha.